Wauza kompyuta za gemu, tuandikieni namba nzima

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nina steshenari hapa Kihonda, Morogoro, natoa kopi, nachapa barua, naprinti picha za pasipoti, na gazeti lenu nalinunua asubuhi kabla sijafungua duka afu wateja wanalisoma bure mpaka jioni limelegea kama kitambaa. Leo siandiki siasa wala mpira. Naandika kuhusu vikaratasi, vile wanavyobandika wauza kompyuta juu ya maboksi yao, KOMPYUTA YA GEMU, Core i7, ramu 16, SSD 512, grafiki GB 4, bei imekatwa kwa kalamu nyekundu ikaandikwa nyingine. Hicho kikaratasi kimenila hela na najua sio mimi peke yangu. Na nyie pia Mhariri mnisamehe, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu, kamera ya simu, chaji ya simu, siku moja basi na sisi wa maboksi mtukumbuke.

Mwanangu wa kwanza alimaliza kidato cha 6, akawa anasubiri matokeo na mambo ya chuo, muda wote ananisaidia dukani, anawawekea watu Windows, anapewa chake. Baba yake mdogo akamuongezea, ikafika kama milioni moja na laki mbili hivi. Anataka kompyuta ya gemu. Mpira, GTA V, na hiyo Valorant ambayo anacheza na wenzake kwa intaneti wanapiga kelele usiku kama wanafukuza mwizi. Mi nikakubali kwa sababu moja tu, alisema atajifunza na kuediti video za harusi, na video za harusi ni hela. Lakini nikamwambia hii hela ni moja, hatununui kitu ambacho mwakani tunakitupa, tunanunua kitu ambacho mwakani tunakiongeza.

Tukapanda SGR alfajiri, maana siku hizi Moro na Dar ni chini ya saa mbili, sio zile zama za kushuka Ubungo umevunjika kiuno. Kufika Kariakoo nikafanya kosa. Nilikuwa na shida ya tona na rimu za karatasi, nikamwambia we zungukia maduka uangalie bei tu, usilipe, nakuja. Narudi nakuta mtoto kakaa juu ya boksi kama kuku anaatamia. Kalipa. Laki 9 na nusu.

Kijana wa duka ana adabu kweli, "shikamoo mama, hongera, mashine imemaliza kila kitu hii." Marahaba. Nikaliangalia lile boksi, kioo ubavuni, taa za rangirangi kama ukumbi wa send-off, feni tatu zinawaka. Nikamuuliza i7 ya ngapi? Akasema "i7 mama, i7 ndo ya juu." Sasa mi nimeshika mashine za mtumba miaka 14, jibu kama hilo moyo ukapiga paa, ila hela ilikuwa ishaingia na risiti ishaandikwa na chini yake yale maneno yetu, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kufika nyumbani nikafungua. Core i7-2600.

Kwa wasiojua naomba niseme taratibu maana hapa ndo watu wengi wanapigwa. Hiyo i3, i5, i7 haikwambii mashine ni ya lini. Hayo ni majina ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na inayokwambia ya lini ni namba inayofuata. i7-2600, ile 2 ya mwanzo ni kizazi cha 2, hiyo prosesa ilitoka mwaka 2011, mwanangu alikuwa hajaanza hata chekechea. i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-10400 ni cha 10, i5-12400 cha 12. Kwa hiyo unaweza kukuta i3-12100 ya 2022, i3 ndugu yangu, ile ambayo watu wanaidharau, na yenyewe ina koa 4 na nyuzi 8, yaani vichwa vya kufanyia kazi na njia za kupitishia kazi, sawasawa na hiyo i7 ya 2011, lakini ukiziweka kwenye gemu huyo i7 mzee ni cha mtoto. Tena kuna gemu mpya hazifunguki kabisa kwenye prosesa za zamani hivyo kwa sababu zinataka maelekezo fulani yanaitwa AVX2, ambayo Intel, watengenezaji wa hizo i3 mpaka i7, walianza kuyaweka kizazi cha 4, mwaka 2013. Na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel, na prosesa za Ryzen za 2000 kwa washindani wao AMD, wakati Windows 10 wenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Na Valorant ukiichezea kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama wa kompyuta, viwe vimewashwa. Huyo mzee wa 2011 havijui hivyo vitu.

Haya, kadi ya grafiki sasa, ile inayochora picha za gemu. Kikaratasi kinasema GB 4, kompyuta yenyewe ukiiuliza inasema GTX 1050 Ti. Nikasema angalau hapa tumepona. Mtoto anafungua GTA, inajifunga. Anaweka draiva mpya, skrini inakuwa nyeusi. Siku mbili tunahangaika. Afu akapakua kile kiprogramu cha bure kinaitwa GPU-Z, kikafungua na mbele ya jina la kadi kimeandika kuwa ni FEKI, herufi kubwa, kwenye mabano. Kumbe kuna watu wanachukua kadi za zamani, za miaka ya 2010 hapo, wanaziandika upya bayosi yake, ile programu ya ndani ya kadi, ijitaje jina la kadi mpya. Windows inaamini jina, gemu haiamini. Na dalili ilikuwa machoni petu tangu dukani, kadi ilikuwa na lile tundu la bluu la VGA, la waya wa skrini za zamani. GTX 1050 Ti za kawaida hazina tundu la bluu, ukiliona shtuka.

Nikapiga simu dukani, nikaambiwa mama soma risiti. Jina la duka silitaji, sitaki kesi, na kusema kweli yule kijana sidhani hata alijua, naye alibandikiwa kikaratasi na aliyemuuzia.

Basi yule i7 mzee nikamtoa ile kadi, nikamuweka steshenari, anachapa vizuri tu na taa zake za harusi, watoto wa shule wanapenda kuja kuprinti kwangu kwa sababu yake. Hela ya mwanangu nikamrudishia kidogokidogo. Na safari ya pili nikasema tunaenda wote na hakuna mtu kwenda kununua tona.

Sasa Mhariri naomba nieleze tulivyochagua mara ya pili, maana naona watu wanauliza swali la mwisho kwanza. Wanauliza "inacheza gemu gani?" Swali la kwanza kwa mtu mwenye hela ndogo ni "mwakani naweza kuiongeza nini, na nini hakiongezeki?" Si ndo tunavyojenga nyumba zetu, unamwaga msingi wa vyumba vitatu na sebule, unaezeka chumba kimoja, unahamia na familia, vingine vinafuata na mikopo ya vikoba. Hakuna mtu anamwaga msingi wa chumba kimoja afu aje aseme atauvuta. Kwenye kompyuta msingi ni bodi kuu, ile mazabodi, pamoja na pawa saplai inayogawa umeme ndani na ukubwa wa keisi, boksi lenyewe. Hivyo vitatu ukikosea, hata ukipata hela mwakani huna pa kuiweka.

Bodi ina soketi, pale prosesa inapokaa, na soketi ndo inasema utapanda mpaka wapi. Intel hapa wanatuchezea kidogo. Kizazi cha 6 na 7 soketi yao ina pini 1151, cha 8 na 9 pia 1151, ukiangalia kwa macho ni ile ile, lakini bodi ya 7 haipokei prosesa ya 8, watu wamenunua na kurudi nayo nyumbani wanaitazama. Cha 10 na 11 wakahamia 1200. Cha 12, 13 na 14 wakahamia 1700, hapo angalau kuna pumzi, unaweza kuanza na i3-12100 na miaka ijayo ukaweka i5 au i7 ya kizazi cha 14 kwenye bodi ile ile ukishasasisha bayosi ya bodi. Ila uangalie, bodi za 1700 zipo za ramu, ile memori ya kufanyia kazi, za aina ya DDR4 na zipo za DDR5 ambayo ni mpya zaidi, hazichanganyiki, kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine hata ukisukuma, na tafadhali usisukume.

AMD wao soketi yao ya AM4 ndo iliyopokea Ryzen za kwanza 2017 na wakakaa nayo. Mtu aliyenunua bodi nzuri mapema ameweza kutoka Ryzen ya 1000 mpaka ya 5000 bila kubadili bodi, bodi nyingi za mwanzo zilihitaji tu bayosi mpya. AM5 ikaja 2022, ni nzuri na ndo ina maisha marefu mbele, lakini inatumia DDR5 tu na kwa mfuko wetu ilikuwa juu. Tukachagua AM4.

Na hapa kuna kitu ambacho wauzaji hawakwambii kwa sababu hakina mbwembwe. Kuna prosesa zina grafiki ndani yake. Kwa Ryzen za AM4 angalia herufi G mwishoni, mfano Ryzen 5 5600G, koa 6, nyuzi 12, na grafiki ndogo humohumo. Kwa Intel ni kinyume, ukiona F mwishoni, kama i5-12400F, maana yake grafiki haina, bila kadi haioneshi hata picha ya Windows. Sasa mtu mwenye hela ndogo hiyo G ndo ukombozi. Unanunua leo bila kadi, unacheza gemu za kawaida, Valorant inaenda bila shida, GTA V inaenda ukipunguza mapambo, afu ukipata hela unachomeka kadi ya maana na maisha yanaendelea. Haina tofauti na kuhamia nyumba haijapigwa plasta.

Sharti lake moja, ramu ziwe vijiti viwili. Hii grafiki ya ndani haina memori yake, inaazima kwenye ramu, kwa hiyo ukiweka kijiti kimoja cha 16 unaipa njia moja, ukiweka viwili vya 8 unaipa njia mbili na gemu inaonekana kabisa imebadilika. Mtoto alijaribu, alichomoa kimoja makusudi anioneshe, GTA ikaanza kutembea kama katuni. Sasa ukichukua viwili vya 8 na bodi yako ina nafasi mbili tu, ukitaka 32 baadaye lazima uvitoe vyote. Ndo maana tukatafuta bodi ya nafasi nne. Tulipata bodi ya B550 ya mtumba pamoja na hiyo 5600G kutoka kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anahamia AM5, tukaijaribu hapohapo kwenye chumba chake nusu saa nzima ndo tukatoa hela.

Nashukuru Mungu ilikuwa katikati ya 2025, maana mwishoni mwa mwaka huo ramu zikapanda bei dunia nzima. Viwanda vikubwa vya ramu ni vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na vyote vinakimbilia kutengeneza za seva za akili mnemba kwa sababu huko ndo kuna hela. Zamani ningekwambia anza na ramu ndogo utaongeza baadaye zitakuwa zimeshuka. Siku hizi siwezi kukwambia hivyo. Ukikuta mashine ya mtumba ya DDR4 yenye ramu za kutosha kwa bei ya jana, kaa nayo.

Pawa saplai. Hapa nina uchungu nako.

Kwanza kisa cha zamani, duka langu lina miezi mitatu, nikanunua kompyuta ya mtumba imetoka Marekani, nimeiweka mezani, nimeifuta vumbi, nimeichomeka, naibonyeza, PAA! Moshi. Mteja kakimbia, kitambulisho chake nimebaki nacho mkononi. Kumbe nyuma ya pawa saplai kulikuwa na kiswichi chekundu kidogo kimeandikwa 115, kwa sababu umeme wa kwao ni volti 110 na kitu, wa kwetu ni 230. Unatakiwa ukisogeze kwenye 230 kabla hujachomeka chochote. Sikuambiwa. Nyingi za siku hizi hazina hicho kiswichi, zinajipima zenyewe, lakini mashine kuukuu bado zinakuja nacho, kwa hiyo kabla ya kuchomeka zunguka nyuma uangalie.

Cha pili, zile pawa saplai zinazokuja bure ndani ya keisi. Zimeandikwa wati 600 na ukizinyanyua ni nyepesi kama boksi la biskuti. Umeme wetu mnaujua, unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena. Jirani yangu mwenye kibanda cha gemu ilimkatikia hivyo mara tatu jioni moja, ile pawa saplai ya bure ikafa, na haikufa peke yake, ikaondoka na bodi na diski. Kwa hiyo kwa mwanangu nikasema kama ni kubana tubane kwenye keisi, tubane kwenye kibodi, tusibane hapa. Tukachukua ya wati 550 mpya, yenye jina linaloeleweka na ile alama ya 80 Plus Bronze, japo niwe mkweli hiyo alama inapima inavyopoteza umeme, haikuhakikishii kila kitu, lakini angalau kuna mtu aliipima. Na tukaongeza UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ndogo ya mtumba nikaibadilisha betri.

Kwa nini 550 wakati mashine bila kadi haifiki hata nusu yake? Kwa sababu ya kadi itakayokuja. RX 6600 yenye GB 8 inakula wati 132. RTX 3060 ya GB 12 inakula 170. Wati 550 ya ukweli inazibeba zote mbili na kubaki. Ningenunua ya 300 leo, siku ya kadi ningenunua tena pawa saplai, na hiyo ndo nguo ya bei rahisi unayoinunua mara mbili.

Najua kuna msomaji anasema mama huyu ana hela, mi nina laki 5 tu. Sawa. Kwa laki hizo tafuta maboksi ya maofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, yanatoka Ulaya na Dubai yamefungwa kwa maelfu, na ni mashine za kazi kweli, mi nimezitumia miaka yote. Ila yana maumbo. Kuna jembamba, kuna dogo kama kitabu, na kuna refu pana. Kwa gemu chukua refu pana, hata kama jembamba ni la bei chee na linapendeza mezani, maana jembamba linataka kadi fupi za kimo cha nusu ambazo ni za kutafuta kwa tochi, na lile la kitabu mara nyingi kadi haiingii kabisa. Chukua lenye kizazi cha 8 kwenda juu, i5-8500 kwa mfano ina koa 6 na Windows 11 inaikubali. Pawa saplai zake mara nyingi ni chini ya wati 300 na plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kuja na ya dukani ukabadilisha tu. Kwa hiyo unaweka kadi inayokula umeme wa pale inapochomekwa kwenye bodi peke yake, wati 75, kama GTX 1650 ile isiyo na tundu la waya wa ziada, maana zipo zenye tundu na zisizo na tundu, uliza. Hapo utacheza vizuri sana, ila ujue hapo ndo Kigoma, mwisho wa reli. Mi sioni ubaya, mradi uliambiwa kabla ya kupanda treni.

Leptopu za gemu nazipita haraka, kadi imechomelewa kwenye bodi, unachoongeza ni ramu na diski basi, na joto la huku kwetu zinapumua kama mgonjwa wa pumu. Na kama mtoto anataka mpira tu na hana habari na kuediti wala kusoma, mnunulie PlayStation 4 ya mtumba, tuache kudanganyana, ni rahisi na haina maswali.

Kadi za mtumba watu wanaogopa, wanasema zilichimbia sarafu za mtandaoni. Ni kweli nyingi zilichimbia, Ethereum, moja ya sarafu hizo, waliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022 na baada ya hapo kadi zikamwagika sokoni dunia nzima. Mi siogopi kadi iliyofanya kazi, naogopa kadi nisiyoijaribu. Iwashwe, gemu ichezwe nusu saa, usikilize feni, uangalie kama kuna vidoti vya rangi kwenye skrini, na GPU-Z ifunguliwe mbele yako, iweke kwenye flashi uende nayo. Na kuna kadi za RX 580 za aina mbili, ya kawaida ina viini 2304, nyingine inaitwa 2048SP imepunguzwa, kikaratasi kinaandika RX 580 tu kwa bei ile ile. GPU-Z inakuonesha.

Ah na jambo moja la aibu, mtoto mdogo wa dada yangu alinunua mashine yake, kadi nzuri kabisa, miezi miwili analalamika gemu zinakwama. Nikaenda kumtembelea. Waya wa skrini kauchomeka juu, kwenye bodi, badala ya chini kwenye kadi. Kadi ilikuwa imelala humo miezi miwili inakula wali wa bure. Nikauhamisha waya, nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Sasa Mhariri ombi langu ni dogo. Wauza kompyuta, hasa wanaobandika neno gemu, waandike vitu vinne. Namba nzima ya prosesa, sio i7 bali i7 ngapi. Jina la bodi. Aina ya ramu na nafasi zilizobaki wazi. Jina na wati za pawa saplai. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Muuzaji mwenye mali safi hana cha kupoteza, maana sasa hivi i5 yake nzuri ya kizazi cha 12 imekaa kwenye shelfu moja na i7 ya 2011 yenye taa, na mteja anachukua taa. Na wazazi wenzangu, kama kikaratasi hakina hizo namba, mwambie kijana aiwashe, afungue mahali pa kuangalia taarifa za mfumo, upige picha na simu. Akikataa kuiwasha, maduka Kariakoo ni mengi.

Mashine ya mwanangu ipo, yeye yuko chuo sasa na anairudia likizo. Ameshaediti harusi mbili na kipaimara kimoja. Kadi bado hatujanunua, ana kibubu chake kimefika karibu nusu, nafasi ya kadi kwenye bodi nimeiziba kwa kipande cha plastiki vumbi la Kihonda lisiingie. Na muuzaji yeyote wa Moro atakayekuja na namba zake zote nne nitamprintia vikaratasi bure, tena vya rangi, ila rimu aje nayo.

Mama Steshenari,
Kihonda, Morogoro